Neno la Uvira

Alhamisi, 2 Juni 2005

Leo nimepigwa risasi ya mguu, nimefungiwa ndani ya pipa la mafuta siku mbili, na nimemwona kaka yangu akikatwa panga. Kisha nikapanda basi la Stratford Road hadi Sparkbrook, nikapika kabichi.

Ndiyo kazi ya mkalimani. Sheria inataka useme "mimi". Mtu akisema "walinifungia", nami nasema kwa Kiingereza "walinifungia", kana kwamba ni mimi. Mwaka wa sita sasa naifanya, katika ofisi za uhamiaji, mahakamani, hospitalini. Wananisifu kwamba silii, sitetemeki, siongezi neno wala kupunguza. Lakini siku hizi nikifika nyumbani mguu wa yule mtu unaniuma mimi. Daktari amesema niandike. Haya, naandika.

Jina langu Mumbua, mzaliwa wa Kitui, mjane, miaka arobaini na saba. Kabla ya kuja Uingereza nilifundisha Kiswahili sekondari miaka kumi, na ukiniandikia sentensi mbovu hata leo nitaishikia kalamu nyekundu.

Jumapili, 5 Juni

Kanisani Saltley. Ibada hii ni ya Wakongo, lakini ndiyo pekee ya Kiswahili ninayoweza kufika kwa basi moja. Kiswahili chenyewe kinanikwaruza masikio: "bantu bengi" badala ya watu wengi, "minaenda" badala ya ninaenda, na Kifaransa katikati kama mawe kwenye wali.

Baada ya ibada mama mmoja wa miaka thelathini hivi, mrefu, alinishika mikono yote miwili.

"Mama, ni weye! Ulikuwa mudomo yangu ile siku ya interview!"

Nikamwambia simkumbuki. Haturuhusiwi kuzoeana na watu tuliowakalimania. Lakini namkumbuka. Rosalie, wa Uvira, mashariki mwa Kongo, mwezi wa Januari. Alikuwa anashika kona ya meza.

Jumanne, 7 Juni

Mvua. Hospitali, mzee na kibofu chake.

Jumapili, 12 Juni

Kumbe Rosalie anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, katika nyumba ya waomba hifadhi, wanawake wanne. Chumba chake anashiriki na Fortunée wa Bukavu. Leo alinifuata kutoka kanisani mpaka mlangoni na bahasha. Rufaa yake ilitupwa Mei, na hajapata mtu wa kumsomea yote.

Nikamsomea. Wanasema hivi: kwenye mahojiano alieleza kuwa askari watatu walimkamata, wakamzuilia katika nyumba yake mwenyewe hadi asubuhi, kisha wakaondoka. Hakuna askari duniani afanyaye hivyo. Halafu, alipopata wakili, alidai kwamba askari hao walimbaka. Kama ni kweli, kwa nini hakusema siku ya kwanza? Jaji akahitimisha kuwa jambo la kubakwa amelibuni ili kuipa kesi nguvu.

Rosalie alinitazama. "Lakini nilisema. Weye ulikuwa pale. Si nilisema?"

Nikamjibu kuwa mkalimani haruhusiwi kuzungumzia yaliyosemwa.

Hakusema. Hapa kwenye daftari naweza kuandika. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu, na kila neno lake nililipitisha. Alisema alikamatwa. Watu wakiona kesi inazama huongeza chumvi, kisha wanaokuja na mateso ya kweli hawaaminiki tena.

Jumatano, 22 Juni

Joto kali. Tangu uchaguzi wa Mei magazeti hayana habari nyingine ila wageni: wako wangapi, wangapi warudishwe, kwa nini hawarudishwi upesi. Rosalie huripoti ofisi ya uhamiaji ya Solihull kila Jumatano, na kila Jumatano hajui kama atarudi. Leo alirudi. Kwenye basi mwanamume alimtemea Fortunée mate shingoni, basi zima likatazama nje.

Niliwapa maji ya kunywa. Sikuwakaribisha kuketi.

Jumapili, 3 Julai

Lazima niandike leo leo.

Tulikuwa jikoni kanisani baada ya ibada, tunaosha vyombo. Fortunée alikuwa anasimulia habari za msichana mmoja wa Alum Rock, Mkongo mwenzao, na mwanamume mwenye ufunguo wa nyumba wanamokaa.

"Akaingia mu chumba yake, akafunga mulango. Akamukamata kwa nguvu."

Wanawake wote wakashika vinywa. Mmoja akaanza kulia. Mimi nikauliza, "Kwani ni polisi?"

Wakanigeukia.

"Polisi ya nini?" Fortunée akasema. "Alimukamata. Kwa nguvu. Muntu mume na muntu muke. Kwenu munasema namna gani?"

Hakuna aliyenicheka. Rosalie alikuwa kwenye sinki, amenipa mgongo, mikono ndani ya povu. Hakugeuka. Mikono yake tu ndiyo ilisimama.

Nikaenda msalani nikajifungia.

Januari. Ofisa aliuliza: Askari walifanya nini walipoingia? Rosalie akashika kona ya meza, akasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba: "Balinikamata kwa nguvu. Bote batatu." Nami, kwa ile sauti yangu ya kusifiwa, nikasema kwa Kiingereza: walinitia nguvuni, wote watatu. Ofisa: Ulizuiliwa muda gani? Nikamuuliza, muda gani? Akanitazama kwa mshangao, kwamba mwanamke mwenzake anaweza kuuliza hivyo. "Mpaka asubuhi." Katika jela gani? "Jela? Ni mu nyumba yetu." Nikasema: kifungo cha nyumbani.

Kifungo cha nyumbani! Hayo nilitunga mimi. Sikuongeza, sikupunguza, lakini hayo nilitunga.

Nimefungua kamusi zangu zote tatu. Hakuna hata moja yenye maana hiyo ya kubaka. Mwalimu mzima.

Jumatatu, 4 Julai

Sikwenda kazini.

Alhamisi, 7 Julai

Mabomu London. Treni, basi. Kazi yangu ya leo imefutwa. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa Kulwinder, wakili mpya wa Rosalie. Sikwenda. Nani atanisikiliza leo?

Jumamosi, 9 Julai

Nilikuwa mjini kununua viatu. Jioni, kwa hofu ya bomu, polisi wakafukuza watu wote katikati ya jiji, maelfu, tukatembea kwa miguu kama kundi la mbuzi. Msichana mmoja Mzungu alinishika mkono kutoka Digbeth mpaka Camp Hill bila kuniuliza jina.

Jumatatu, 11 Julai

Wamempiga Jama.

Jama ana duka la simu na kompyuta Stratford Road, ndipo ninapopigia nyumbani. Msomali, lakini mtoto mtupu wa Eastleigh, huko huko kwetu. Hunisalimia kwa Kikamba cha kuombea maji. Vijana wanne waliingia jana mchana na chuma cha kufungulia magurudumu. Walivunja kompyuta zote, kisha wakamvunja yeye: taya, mbavu mbili, na jicho la kushoto halijafunguka. Walikuwa wakisema arudi kwao.

Nimemwona hospitalini. Anazungumza kwa meno yaliyofungwa waya.

"Nirudi wapi, auntie? Section Two ya Eastleigh?"

Akajaribu kucheka, damu ikamtoka puani.

Alhamisi, 14 Julai

Nilimpelekea uji Jama. Leo hakuwa na mzaha. Kinyozi wa duka la jirani alisimama mlangoni mwanzo mpaka mwisho, anawajua wale vijana kwa majina, na amewaambia polisi hakuona kitu.

"Vijana ni wajinga, auntie, hao nitawasahau. Lakini huyo jamaa hunikatia nywele. Kila Ijumaa. Nitaketi aje kwa hicho kiti tena?"

Nilimlisha uji kwa mrija. Nilitoka nikasimama kwenye kituo cha basi, yakapita mabasi matatu.

Jumapili, 17 Julai

Rosalie alikuja mwenyewe, bila kualikwa, na samaki waliokaushwa. Tukala. Baada ya kula akasema, "Ile siku jikoni ulikimbia. Sikuambie kitu, lakini leo nitakuambia." Nikasema si lazima. Akasema, kwake ni lazima.

Sitaandika "mimi" hapa. Nitaandika "yeye", maana ni yake.

Walikuja saa moja ya jioni, mvua ikinyesha. Mume wake alikuwa fundi baiskeli. Walimfunga kwa mpira wa gurudumu lake mwenyewe, wakamkalisha mlangoni ili aone. Wa kwanza alikuwa mkubwa. Wa pili alikuwa na kikohozi. Wa tatu alikuwa mtoto wa miaka kumi na sita hivi, na wenzake walimpiga makofi mpaka akakubali. Alimwomba msamaha sikioni huku akifanya. Mume wake alipiga kelele mpaka wakachoka nazo, wakamkata ulimi, halafu shingo. Asubuhi walikunywa chai yake. Wakaosha vikombe.

"Hivyo vikombe ndivyo vinaniumiza," akasema. "Juu ya nini balibiosha?"

Halafu akasema, "Sikujua nitaweza kuisema tena. Mara ya kwanza nilisema mbele yako. Ulikuwa unatulia sana. Nikajua, huyu mama ananisikia."

Hapo ndipo ningesema. Kinywa kilikuwa wazi. Nikauliza kama anataka chai zaidi.

Jumatano, 20 Julai

Aliripoti. Alirudi. Mimi bado sijamwambia.

Jumanne, 26 Julai

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilisikia mlango ukivunjwa. Hapa huo mlio huwezi kuukosea: mara moja, mara mbili, halafu mbao. Nilitoka na gauni la kulalia na viatu vya bustani, nikakimbia mpaka mtaa wa pili.

Magari mawili, maofisa saba wa uhamiaji. Wanawake walikuwa wakipiga mayowe juu. Fortunée alikuwa dirishani akigonga kioo kwa kiganja. Kisha wakamtoa Rosalie. Watatu walimshika, mmoja kwa nywele. Alikuwa miguu mitupu na kitenge kimemfunguka, akijishika kwenye fremu ya mlango, wakamgonga vidole kimoja kimoja mpaka akaachia. Wakamlaza kifudifudi kwenye lami, goti mgongoni, shavu likisagika kwenye changarawe. Akawa anapumua kama mtu anayezama. Pingu zililia.

Akaniona.

"Mama Mumbua! Baambie! Weye ulisikia! Baambie!"

Ofisa mmoja, kijana, uso umemwiva, akanigeukia. "Unajua lugha yake? Mwambie atulie, asiposhindana hataumia."

Mimi nikainama. Mungu wangu, nikainama, na kwa Kiswahili fasaha nikamwambia, "Wanasema utulie. Usiposhindana hutaumia."

Rosalie aliacha kupiga kelele. Alinitazama kwa jicho moja, lile ambalo halikuwa kwenye lami. Wakamwinua kama gunia, wakamtupa ndani ya gari.

Kitenge kilibaki barabarani. Nilikiokota, nimekifua, kiko kwenye kamba.

Alhamisi, 28 Julai

Naandika huku mkono wa kushoto ukinishikia kichwa. Nyuzi saba.

Saa nane na nusu mchana nilikuwa Ladypool Road nanunua bamia. Mbingu ikawa nyeusi yenye ukijani, kama chupa. Kukawa kimya, halafu ukaja mngurumo, nikadhani ni bomu jingine, kila mtu akadhani hivyo. Halikuwa bomu. Ilikuwa chamchela, kimbunga cha kuzunguka, hapa Sparkbrook! Niliona mti mzima ukichomoka lami na yote, ukalala juu ya gari. Vigae vikaruka kutoka mapaani kama karata. Meza ya nyanya iliondoka na nyanya zake. Kitu kikanipiga juu ya sikio, nikajikuta chini ya ubao wa duka, damu machoni, mwanamume nisiyemjua amenilalia kunikinga, anasoma dua kwa sauti kubwa.

Dakika nne, labda tano. Kisha mvua. Nilipoinuka mtaa haukuwa na miti wala mapaa. Watoto walikuwa wakiitana. Gesi ilinuka.

Fortunée alinikuta nimekaa ukingoni mwa barabara. Alichana kilemba chake akanifunga kichwa, akavuta kwa nguvu.

"Rosalie amepiga simu kutoka kizuizini," akasema. "Tayari bamemupa ndege. Jumanne."

Nikamwambia. Sijui kwa nini pale, kati ya vigae. Nikasema, ni mimi, neno lake sikulielewa, nililigeuza, na nimejua tangu ile Jumapili jikoni.

Fortunée alikaza fundo. Aliendelea kulikaza mpaka nikaona nyota.

"Usiniambie mimi," akasema. "Uende uambie bale benye kuandika."

Ijumaa, 29 Julai

Ofisi ya Kulwinder iko juu ya duka la masari. Dirisha lake limepigiwa mbao tangu jana na alifanya kazi kwa taa ya mezani. Ni mwanamke mdogo, hana maneno mengi. Nilizungumza, akaandika. Nilipofika kwenye "kifungo cha nyumbani" aliweka kalamu chini, akafumba macho kidogo, akaishika tena.

"Unajua hawatakuita tena kazini? Ulitia sahihi ya kutunza siri."

"Najua."

"Ulitambua kosa lini?"

"Tarehe tatu Julai."

Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani. "Siku ishirini na sita."

"Ndiyo."

"Hilo nalo linaandikwa."

Likaandikwa. Nikatia sahihi kila ukurasa.

Jumatatu, 1 Agosti

Kulwinder amepeleka maombi mahakamani. Hakuna jibu. Fundi amefunika paa langu kwa turubai. Upepo unalipiga siku nzima.

Jumatano, 3 Agosti

Ameshushwa kwenye ndege. Kulwinder alinipigia asubuhi hii.

Walinzi wanne walimpandisha jana kupitia mlango wa nyuma kabla ya abiria. Alipoanza kupiga kelele walimkunja, kichwa magotini, mmoja amemlalia mgongo, mwingine akamkunja mkono nyuma ya kiti. Kifundo cha mkono kilivunjika mahali pawili, na abiria walisikia. Bibi mmoja mzee akasimama, akasema hataketi mpaka huyo mama ashushwe, na rubani hawezi kuondoka mtu akiwa amesimama. Wakasimama wengine. Rubani akaamuru ashushwe.

Amri ya mahakama ya kuzuia safari ilifika leo asubuhi. Kama si yule bibi ingemkuta Kinshasa.

Jumanne, 9 Agosti

Barua. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wakalimani. Mistari mitatu.

Jumapili, 14 Agosti

Walimwachia Ijumaa kwa dhamana. Leo alibisha hodi. Nilipofungua nilikuwa na kitenge chake mkononi, nimekikunja vizuri, na nilikuwa nimejiandalia maneno.

Alinipiga na ule mkono wenye plasta. Mara moja, kwa mzunguko, usoni. Nilianguka kwenye ngazi. Alilia yeye kwa maumivu, maana mkono wenyewe umevunjika, kisha akasimama juu yangu akihema. Jeraha la kichwa lilifunguka, damu ikanijaa sikio.

"Kulwinder amenisomea," akasema. "Yote. Siku makumi mbili na sita! Ulikula samaki yangu!"

Nikasema ndiyo.

"Bale batatu sikujua majina yabo. Weye nakujua. Bo baliniumiza usiku moja. Weye tangu mwezi wa kwanza!" Akapiga ukuta kwa kiganja kizima. "Mu ile gari nilijiuliza: nilisema mbaya? Njo mimi sijui luga yangu? Mama yangu alinifundisha mbaya?"

Niliinuka nusu. Nikasema, "Ulisema vizuri. Mimi ndiye sikujua."

"Na asubuhi ile?" Sauti ilishuka sana. "'Utulie.' Ile ulijua kuitafsiri."

Alichukua kitenge chake, akashuka ngazi za nje taratibu, akishikilia ukuta.

Sikufunga mlango mpaka Jama alipopita, jicho lake limefunguka kidogo. Alitazama damu, akauliza kama aite polisi. Nikamwambia hapana, hii ni yangu. Alinisaidia kusafisha sakafu na hakuuliza tena.

Jumapili, 21 Agosti

Sikwenda kanisani. Nadhani ni bora nisionekane.

Jumatatu, 29 Agosti

Nimepata kazi Saltley, kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli. Mvuke mwingi, kelele, hakuna anayesema na mtu. Fortunée amehamishiwa mji wa Stoke bila kuulizwa.

Jumanne, 6 Septemba

Kesi.

Mimi nilikuwa shahidi, kwa hiyo niliketi nje alipokuwa akitoa ushahidi wake. Mkalimani leo alikuwa mama wa Bukavu. Kupitia mlangoni sikusikia maneno, sauti tu: ya Rosalie, halafu ya yule mama, halafu ya Rosalie.

Wakaniita. Wakili wa serikali alikuwa kijana mwembamba mwenye adabu sana. Aliniuliza vyeti vyangu. Nikavitaja vyote. Akaniuliza nimefanya mahojiano mangapi. Nikasema zaidi ya mia nane.

"Na katika hayo mia nane hukukosea, ila hili moja? La jirani yako, ambaye mnakula pamoja?"

"Sijui kama ni hili moja," nikasema. "Hilo ndilo linalonikosesha usingizi."

Akauliza kama basi nakubali kuwa sina uwezo wa kazi hii, na kama sina uwezo, kwa nini mahakama iniamini leo.

"Vyeti vyangu ni vya Kiswahili nilichofundishwa na nikafundisha. Rosalie alisema Kiswahili cha kwao, sawasawa, bila kosa. Chumbani mle aliyekuwa hajui lugha ni mimi. Nami nilikuwa na kiburi cha kutouliza."

Jaji, mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani mwingine kipajini, akaniomba nitamke yale maneno kama nilivyoyasikia Januari. Nikayatamka. Kwa mara ya kwanza niliyatamka kwa matamshi yake: balinikamata kwa nguvu, bote batatu. Jaji akamgeukia mkalimani akamuuliza maana yake.

Mama wa Bukavu hakuinua macho. Alisema neno moja la Kiingereza.

Rosalie alinipita kwenye korido kama anavyopita nguzo.

Jumatano, 14 Septemba

Baridi imeanza. Mashuka, mashuka.

Ijumaa, 23 Septemba

Kulwinder alipiga simu kiwandani, msimamizi akaniita kwa ishara. Kwa kelele za mashine ilibidi arudie mara tatu. Rosalie ameshinda. Jaji amemwamini, kila kitu. Atapewa hifadhi.

Nilirudi kwenye mashine yangu. Mwenzangu Mpolandi aliniona nikilia, akanipa shuka lenye moto nijifute uso.

Jumapili, 25 Septemba

Saa tisa mchana hodi. Rosalie. Nilirudi nyuma hatua moja bila kujua, akaona.

"Sikuje kukupiga," akasema.

Plasta wameibadilisha wiki iliyopita, mpya, nyeupe. Mfupa haukuunga vizuri, walimpasua tena. Kichwani alikuwa na kofia ya sufu. Akaivua. Nywele zilikuwa zimeshikamana, kama majani yaliyokanyagwa, na upande mmoja, walipomshika siku ile, palikuwa na upaa wa saizi ya kiganja.

"Fortunée njo alikuwa ananisuka. Na mukono moja siwezi. Kesho ninaenda kukamata karatasi zangu, bananipiga picha."

Nilileta kitana, mafuta, na kigoda. Alikaa chini kati ya magoti yangu, mgongo umenielekea, mkono mbovu juu ya mto. Nilianza pembeni, polepole, nikiogopa. Nilipofika karibu na ule upaa nikalegeza vidole.

"Vuta," akasema. "Sitavunjika."

Nikavuta. Tulikaa hivyo zaidi ya saa mbili. Nje watu walikuwa wakipigilia mapaa. Hakuzungumzia kesi, wala Uvira, wala mimi. Mara moja aliuliza kama kiwandani wanatafuta watu. Nikasema wanatafuta.

Nilipomaliza nikampa kioo. Alijitazama huku, akajitazama huku, muda mrefu. Hakusema "aksanti". Alisema upande wa kushoto umelegea, akanirudishia kioo, akakaa tena chini.